Kuni Mbichi

Mvua ilinyesha katikati ya matanga ya Mama, ikaloanisha kuni zote ambazo vijana wa kanisa walikuwa wamezipanga nyuma ya nyumba. Walipouchochea tena ule moto wa uani, moshi ulitoka mweupe, mzito, wenye harufu kali ya mkaratusi mbichi, ukaingia chini ya bashe, lile turubai la kivuli, ambako watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi. Wageni wakaanza kukohoa na kupangusa macho. Mjomba akawagombeza vijana, ati hawajui hata kufunika kuni. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya mandazi, nikaiweka chini, nikacheka. Nilicheka mpaka wamama wa kwaya wakaniangalia vibaya, kisha kicheko kikageuka kilio, na binti yangu akaja kunishika mkono.

"Maman, ni nini? Ni ile moshi?"

Nikamwambia ndiyo, ni moshi tu. Ndilo jibu ambalo Mama alikuwa akinipa mimi nilipokuwa mdogo kuliko yeye, na mimi sikuliamini hata siku moja.

Ninyi wenzangu mliokuwa watoto Bunia miaka ile, siwezi kuwafundisha vita ni nini. Mnajua kulala chini ya kitanda na viatu miguuni. Mnajua namna mji ulivyokuwa ukibadilisha mabwana: leo hawa wanapita barabarani wakiimba, kesho wale, na kila waliofika walitaka kujua ni nyumba ipi iliyotoa kijana kwa waliotangulia. Hapo ndipo hofu yetu ilipokaa, kwa sababu nyumba yetu ya mtaa wa Nyakasanza ilikuwa imetoa kijana.

Yaya Faustin, kaka yangu, ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Kwa hiyo avenyu nzima, barabara yetu yote, ilimwita Mama, Mama Faustin, na mimi niliyekuja nyuma sana nilikuwa "kale katoto ka Mama Faustin" tu. Yaya alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, ameanza kunyoa ndevu zisizokuwepo. Alikuwa na triko moja ya sufu ambayo Mama alimfumia mwenyewe. Sufu ya kijani iliisha kabla ya kazi kwisha, Mama akamalizia kwa ya kahawia, basi triko ikawa kijani mwili mzima na mkono mmoja kahawia. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akasema huo mkono wa kahawia ni wa kupigia watu. Asubuhi alipopanda kamyo na vijana wengine wa avenyu yetu, pamoja na Ezekieli wa nyumba ya pili, aliivaa ile triko chini ya koti la kijeshi, maana huko juu wanakoelekea, upande wa Bule, baridi haichezi. Alinifinya pua.

"Weye Dorika, uchunge Mama. Nikirudia nitakuuliza table ya sept. Ukikosa, nitakukamata masikio."

Table ya sept, hesabu ya kuzidisha kwa saba, ilikuwa inanishinda kabisa. Nilianza kuikariri siku hiyohiyo. Baba alikuwa Niania kwa biashara zake, njia ikafungwa nyuma yake, hata habari za kwetu hazikumfikia. Tukabaki Mama na mimi.

Basi mchana mmoja wa mvua nilikuwa dirishani. Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo peke yake, upande wa migomba, na Mama alikuwa humo akipika. Nikaona kijana mrefu anatoka kwenye migomba, amejifunika gunia kichwani, anakimbia ameinama. Uso sikuuona. Nilichoona ni triko ya kijani, na ule mkono wa kahawia. Akaingia jikoni, mlango ukafungwa.

Roho yangu iliruka. Lakini Mama alikuwa amenikataza kutoka nyumbani bila kuitwa, na zamani zile tulitii, kwa sababu waliokosa kutii tuliwaona. Nikangoja. Mvua ikazidi mpaka sikuliona jiko tena. Ilipopungua, Mama alitoka peke yake. Alitembea polepole, kichwa wazi, maji yakimtiririka usoni, wala hakujifunika hata kwa kitenge.

"Mama, ni Yaya?"

Aliniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilikuwa baridi na kilinuka kitunguu.

"Nyamaza! Hapa hakukuya mutu. Mutu akikuuliza, hapa hakukuya mutu. Umesikia?"

Nilisikia, tena vizuri sana. Kesho yake nilipotaka kupanda darini kuchukua maharage, Mama alinirudisha chini kwa kunivuta mguu. Lile dari lilikuwa miti tu iliyolazwa juu ya jiko, tulipokuwa tukitunza mahindi ya mbegu na maharage yakauke kwa moshi. Siku zote kazi ya kupanda ilikuwa yangu, kwa wepesi wangu. "Kuanzia leo usipande kule tena," alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. Nikakamilisha hesabu. Yaya amerudi. Yaya amejificha darini. Tukimtaja, watakuja kumuua.

Mtaniuliza, mtoto wa umri ule hakufikiria kifo? Nilikijua kifo, tena sana. Nilikuwa nimekiona kwa bibi yangu. Mtu akifa kwetu watu wanafunga bashe uani, wanawasha moto wa magogo, kila mwanaume anayeingia anasukuma kipande cha kuni motoni kabla hajakaa, wamama wanalala chini ndani ya nyumba na kulia kwa zamu, kwaya inaimba, na mtoto anapewa chai saa yoyote anayotaka. Hiyo ndiyo ilikuwa alama. Uani kwetu hakukuwa na bashe, wala moto, wala viti. Kwa hiyo hakuna aliyekufa. Mtoto gani wa Bunia angefikiri vinginevyo?

Sikujua kwamba kumlilia askari wa upande ulioshindwa ni kujitangaza mwenyewe. Ukipiga yowe, jirani wa tatu anasikia, na jioni wanakuja kukuuliza unamlilia nani na alifia wapi. Basi wamama wa avenyu yetu walitafuta njia yao. Walianza kuja kwetu kuomba moto. Mnakumbuka, asubuhi mtu alikuwa akija na kigae au kopo, anaomba makaa mawili matatu kuwashia babula, jiko lake la makaa. Lakini hawa walikuja mchana, walikuja asubuhi, mmoja akitoka mwingine anaingia, hata wale ambao niliona moshi wa majiko yao wenyewe. Waliingia jikoni, mlango ukarudishwa, wakakaa sana. Walitoka macho mekundu, kamasi zinawatoka, kopo halina hata kaa moja.

"Juu ya nini unalia?" nilimuuliza Mama Ezekieli siku moja alipopita mbele yangu.

"Ni moshi, mutoto. Mama yako iko anapikia kuni mubichi."

Kweli, Mama alikuwa amebadilika. Yeye aliyekuwa akijivunia kuni kavu sasa alichoma mkaratusi uliokatwa juzi, unaotoa povu pembeni na moshi wa kuua nyuki. Nami nilivyoelewa ni hivi: wamama wanaingia kumsalimia Yaya mmojammoja, wanamwona, wanalia kwa furaha na huruma. Kila mtu kwenye avenyu anaruhusiwa kumwona isipokuwa mimi, dada yake wa tumbo moja. Niliumia. Hata chakula niliona kinapelekwa: Mama alijipakulia bugali na sombe ya majani ya mihogo, hakula, akairudisha sahani jikoni imejaa, na baadaye nikaikuta tupu. Leo najua ni kuku waliokula. Wakati ule nilisema, haya, ashibe.

Na majina yetu yakabadilika, Mama na mimi. Ghafla watu wakaacha kumwita Mama Faustin. Ikawa Mama Dorika hapa, Mama Dorika pale. Mimi nilifurahi jamani, nikatembea kifua mbele, nikidhani nimekua. Mama alikuwa anachelewa kuitika, kama anayeitwa ni mtu mwingine.

Kumbe walikuwa wanamzika kwa namna hiyo. Wanamzika Yaya, na Ezekieli aliyeanguka pamoja naye, na wengine wa avenyu yetu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kuna askari duniani wanaopigiwa tarumbeta na kuwekewa maua. Wa kwetu walililiwa mlango umefungwa, na mama zao walisingizia moshi.

Lakini mimi, hofu yangu ilikuwa moshi huohuo. Fikirini: ndugu yangu amelala darini, na Mama, kwa akili gani sijui, anachoma kuni mbichi chini yake! Atakohoa. Siku moja atakohoa askari wakipita barabarani, na itakuwa mwisho. Nilikaa uani masikio wazi nikingoja kikohozi hicho. Mbwa akikohoa, nasimama. Jirani akikohoa, naangalia barabarani. Nilikonda. Nilijifunza kuingia jikoni bila kuinua macho, shingo imekakamaa, kwa sababu niliamini mtu akiniona naangalia juu atajua. Nikiwa naosha sufuria nilikariri kwa sauti ya chini, sept fois un, sept, sept fois deux, quatorze, ili Yaya asikie kwamba ninajua. Hakujibu. Nilimsifu moyoni kwa kunyamaza.

Nikaanza vita yangu na zile kuni. Nilizunguka viwanja vya watu kuokota magunzi ya mahindi na vijiti vikavu, nikavirundika jikoni, na zile mbichi nikazitupa kwenye migomba. Mama akashangaa.

"Nani ametupa kuni zangu?"

"Sijui. Hizi kavu iko muzuri, Mama. Haitoe moshi."

"Nani alikuambia mimi sitaki moshi?" Akaenda kwenye migomba, akazikusanya moja moja, akazirudisha. Nilimchukia siku ile. Niliwaza, huyu mama anataka kumuua mtoto wake. Usiku nilimwomba Mungu neno moja tu: wasimwone Yaya.

Walikuja wakati wa kupika chakula cha mchana. Kwanza tulisikia bati la mlango wa jirani likipigwa, kisha letu. "Bima!" walifoka kwa Kilingala. "Mutoke inje bote!" Walikuwa wachache, bunduki mikononi, mkubwa wao amevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu. Mama na mimi tulisimama uani.

"Siye tunatafuta vijana walipigana na bale batu. Kijana yako iko wapi?"

"Papa, hapa iko mimi na huyu mutoto tu," Mama alisema. "Bwana yangu iko Niania."

"Na ile moshi yote? Munaficha nini mule?"

"Kuni iko mubichi, papa."

Mkubwa alimwonyesha kijana wake mmoja jiko kwa kidevu. Kijana yule hakumzidi Yaya umri, bere imemkalia vibaya kichwani. Aliingia akikohoa, sisi tukasukumwa nyuma yake mpaka mlangoni. Akatazama masufuria, akatazama nyuma ya mlango. Nikashusha macho, nikashusha, nikaangalia vidole vyangu vya miguu kwa nguvu zangu zote. Kisha nikasikia kinu kinaburutwa. Nilipoinua uso, alikuwa amekigeuza, amepanda juu yake, na mdomo wa bunduki ulikuwa unapenya kati ya miti ya dari, unachokoa huku na huku.

"Yaya!" nilipiga kelele. "Yaya, kimbia! Ruka, wamekuona!"

Kijana juu ya kinu aligeuka kuniangalia, na mkubwa mlangoni akashika bunduki yake vizuri. Lakini ninachokumbuka ni uso wa Mama. Aliniangalia, na nikaona anaelewa: magunzi, kuni zilizotupwa, table ya sept, shingo yangu. Alielewa yote kwa mara moja. Sasa fikirini mahali alipokuwa amesimama. Akinyamaza, wanapiga risasi darini na kisha wanatuuliza Yaya ni nani. Akisema ukweli, amekiri kwamba nyumba hii ilitoa askari, na nyumba kama hizo tulijua zinavyoishia. Yeye hakuwaangalia wale watu. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika mashavu.

"Dorika. Faustin hako kule. Faustin alikufa, mutoto yangu. Alifia Bule."

"Nilimuona. Alikuya na mvua. Alivaa triko."

"Ilikuwa mwenzake. Aliniletea triko tu, akaenda na ile mvua."

Juu ya kinu, yule kijana alikuwa ameingiza mkono darini. Aliuvuta, na kati ya maganda ya mahindi ikatoka triko ya kijani, imekunjwa vizuri, mkono wa kahawia ukining'inia. Kifuani ilikuwa na tundu, na sufu kuzunguka tundu ilikuwa imekauka ngumu. Mama aliiona. Nadhani alikuwa hajaitazama kwa mwanga tangu aiweke kule. Akafungua mdomo, na yote aliyoyafunika kwa moshi siku zote zile yakatoka.

"Mutoto yangu eee! Faustin eee! Faustin wangu eee!"

Sijapata kusikia yowe kama lile, hata wiki hii. Mkubwa alimfokea anyamaze, akamfokea tena. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu Mama Ezekieli alikuwa ameshaingia uani mbio, mikono kichwani, kitenge kimefunguka, anaita, "Mama Faustin eee! Ezekieli yangu naye eee!" Akajitupa chini kwenye tope. Nyuma yake wakaja wengine, wote wale wa kuomba moto, kila mmoja na jina lake mdomoni, wanayaita majina ya watoto wao mbele ya bunduki kana kwamba bunduki ni fagio zimeegemezwa ukutani. Uani kukajaa.

Kijana alishuka kwenye kinu. Mama aliinyakua triko mikononi mwake, naye akaiachia. Akavua bere. Halafu akainama, akachukua kipande kimoja cha mkaratusi kwenye rundo, akakisukuma motoni kati ya mafiga, kama afanyavyo mwanaume yeyote anapoingia kwenye matanga. Sidhani alijua anachofanya. Ilikuwa mikono yake tu inayokumbuka kwao. Sisemi alikuwa mtu mwema, sijui alitoka kufanya nini wala alikwenda kufanya nini, na ningali namwogopa ndotoni. Lakini mkubwa wao alimwona, akatema mate, akasema, "Tuende," na wakaenda.

Ndipo nikatazama uani. Wamama wako chini. Moto unawaka jikoni. Mzee wa nyumba ya kona anaburuta gogo, mwingine anabeba kiti. Zile alama zote nilizozijua zilikuwa zinakuja moja baada ya nyingine, na nilitaka kuwafukuza warudi makwao. Nilikuwa nimemwomba Mungu wasimwone Yaya, na hawakumwona.

Jioni bado haijaingia, wamama walikuwa wamejaa jikoni wamemzunguka Mama, wanaimba taratibu, triko iko mapajani mwake. Mimi hakuna aliyeniangalia. Kinu kilikuwa bado pale kilipoachwa, kwenye kona. Nikapanda juu yake, nikajivuta kwa mikono, nikaingia darini. Nilisema moyoni labda yule askari hakuchokoa vizuri. Labda Yaya amejisogeza mwisho kabisa, kwenye giza. Nilitambaa nikipapasa. Nikagusa mahindi, masizi, buibui, na maharage yaliyomwagika. Mahali palipokuwa na triko palibaki shimo dogo kati ya mahindi, kadiri ya paka kulala. Nikajikunja hapo. Moshi ukapanda kupitia kwenye miti, ukaniingia kooni, nikajizuia kadiri nilivyoweza, kama nilivyokuwa nikimwombea yeye ajizuie.

Nikakohoa.

Chini, wimbo ulikatika. Nilichungulia kati ya miti, nikaona nyuso zote zimeinuka. Mama alikuwa amepiga magoti, ameiachia triko, anaangalia juu, na uso wake ulikuwa umefunguka wote. Aliita polepole, kama anayemwita mtu kula.

"Faustin?"

"Ni mimi, Mama," nilisema. "Ni mimi tu."